Muvi za Michezo Ambazo Msee wa Sangailu Ataziskia Kuliko Wewe wa Nairobi

Uliza watu watano mtaani muvi kali ya michezo ni gani, na majibu unayajua tayari. Rocky. Kama si Rocky ni Creed. Kama si Creed ni Goal!, ile ya Santiago Muñez akitoka Los Angeles kwenda kuchezea Newcastle. Fiti, hatubishani. Lakini leo hebu tufanye kitu tofauti kidogo: tuchukue muvi za michezo, tuziweke kwa flashi, tuzipeleke Sangailu, halafu tuone ni gani zitashika watu na ni gani zitafanya watu watoke nje kuangalia mbuzi.

Kama hujui Sangailu iko wapi usijiskie vibaya, wengi huku Nairobi hawajui. Ni wadi ndani ya eneo bunge la Ijara, Kaunti ya Garissa, kule karibu na mpaka wa Somalia, jirani na msitu wa Boni. Wenyeji wengi ni Wasomali wafugaji. Ukiskia sehemu hizo zikitajwa kwa habari, mara nyingi ni ukame ama usalama. Tangu serikali ianzishe Operesheni Linda Boni mwaka wa 2015, kijana wa huko amekua akiskia neno "operesheni" mara nyingi kuliko neno "ligi".

Sasa kwa nini hiyo ibadilishe muvi gani ni kali? Tulia nikueleze.

Muvi nyingi za michezo zinapikwa kwa sufuria moja. Kuna msee ambaye hakuna anayemwamini. Kuna kocha mwenye hasira na siri ya zamani. Kuna sehemu ya mazoezi, muziki umepanda, jamaa anakimbia ngazi, anapiga mfuko, jasho linamwagika, na ndani ya dakika tatu mtu ambaye hakuwa anajua kitu sasa ni mashine. Halafu anapoteza mechi moja, anakosana na kocha, wanarudiana. Mwisho ni fainali, saa inahesabu, sekunde ya mwisho, bao. Unalia hata kama ulijua tangu mwanzo itaishaje. Hiyo fomula inafanya kazi na itaendelea kufanya kazi, kwa sababu maishani hakuna mtu hukuwekea muziki ukiamka saa kumi na moja asubuhi.

Lakini angalia vitu ambavyo hiyo fomula inachukulia viko tayari. Uwanja uko. Mpira uko. Barabara ya kwenda kwa mechi imefunguliwa. Mathe amekubali. Una kitambulisho cha kuvuka vizuizi vya polisi. Muvi ya kawaida inaanza baada ya hayo yote kupita. Kwa msee wa Sangailu, hayo ndiyo mechi yenyewe. Kufika uwanjani ndiyo fainali.

Na kuna muvi zinazojua hilo.

Kwanza, tupate mawimbi

Tuanze na kitu rahisi kabisa: kuwatch tu. Wewe ukitaka kuona fainali ya Kombe la Dunia unatembea hatua mia unaingia baa ama kibanda. Kaskazini Mashariki, milingoti ya simu imekuwa ikilipuliwa na al-Shabaab tena na tena, na mlingoti ukianguka mji mzima unapotea hewani. Hakuna simu, hakuna M-Pesa, hakuna matokeo. Ndiyo maana huko muvi inasafiri kwa njia ya zamani, ndani ya memori kadi na flashi, kutoka mkono hadi mkono, simu hadi simu.

Sasa kuna muvi ya Mhispania Gerardo Olivares, La gran final, ya mwaka wa 2006. Stori ni moja ya simple kuliko zote duniani. Ni 2002, Brazil na Ujerumani wanakutana fainali kule Yokohama, Japani. Makundi matatu ya watu wanataka kuiona: wafugaji wa kuhamahama Mongolia, Watuareg na ngamia zao jangwani Niger, na wenyeji wa ndani ya msitu wa Amazon. Hakuna kundi linalocheza mpira wa maana. Hakuna anayeshinda kombe. Shida yao ni moja tu: TV, umeme na mawimbi. Kule Ténéré kuna ule mti wa chuma uliosimamishwa jangwani baada ya mti halisi kugongwa na lori mwaka wa 1973, na Watuareg wanaugeuza kuwa antena. Buda, mti wa chuma katikati ya jangwa, unashikisha Ronaldo!

Mtu wa mjini atacheka na kusema ni komedi. Mtu ambaye ashawahi kupanda juu ya paa na kugeuza dishi huku mwingine akipiga kelele ndani "hapo hapo, usiguse!" ataona ni dokumentari.

Ndugu yake wa karibu ni The Cup ya 1999, iliyoongozwa na Khyentse Norbu, ambaye mwenyewe ni lama. Waigizaji wengi ni watawa wa kweli wa Kitibeti wanaoishi uhamishoni India. Kombe la Dunia la 1998 linaendelea Ufaransa, na kijana mmoja mtawa, Orgyen, amechizi. Wanaomba ruhusa kwa wazee wa monasteri, wanachangisha doo ya kukodisha TV na dishi, doo haitoshi, na mtoto mmoja mgeni anaweka rehani saa aliyopewa na mama yake. Ile sehemu Orgyen anashindwa kufurahia fainali kwa sababu anafikiria saa ya huyo mtoto, hiyo ndiyo muvi. Ufaransa inafunga Brazil tatu bila, na kijana yuko ndani ya chumba chake anatafuta kitu cha kuuza. Yeyote aliyelelewa katika nyumba ambapo dini ina neno la mwisho na kijana anapenda mpira ataelewa yale mazungumzo ya heshima kati ya Orgyen na wazee wake. Hakuna mtu mbaya hapo. Mzee mkuu hata anauliza wanashindania nini, anaambiwa ni kikombe.

Mpira bila mpira

Hapa inakuwa noma kidogo.

Timbuktu, ya Mmauritania Abderrahmane Sissako, ilitoka 2014 na ikabeba tuzo saba za César huko Ufaransa mwaka uliofuata. Watu hawaiweki kwa orodha ya muvi za michezo, na wanakosea. Wapiganaji wameteka mji, wamepiga marufuku muziki, sigara na soka. Halafu inakuja ile sehemu ya vijana uwanjani. Wana jezi. Wanakimbia, wanapasiana, wanapiga kona, kipa anaruka, mtu anapiga penalti, wanashangilia bao. Hakuna mpira. Wanacheza na hewa. Wanaume wenye bunduki wakipita na pikipiki, vijana wanajifanya wananyoosha viungo. Wakishaondoka, mechi inaendelea.

Na utani wa Sissako ni kwamba hao hao wapiganaji, wakiwa peke yao, wanabishana kuhusu Zidane na Messi.

Usidhani ni mambo ya Mali pekee. Juni 2010, Kombe la Dunia likiwa Afrika kwa mara ya kwanza, Hizbul Islam na al-Shabaab walikataza watu Somalia kuwatch mechi, na kuna watu waliouawa kwa kosa la kukaa mbele ya TV. Halafu tarehe 11 Julai 2010, usiku wa fainali ya Uhispania na Uholanzi, mabomu yakalipuka Kampala, kwenye mkahawa wa Kiethiopia pale Kabalagala na kwenye klabu ya ragbi ya Kyadondo. Zaidi ya watu 70 walikufa. Walikuwa wameenda kuona mpira, basi.

Kwa hivyo ukiweka Timbuktu mbele ya vijana wa Ijara, huhitaji kueleza ile sehemu ya mpira wa hewa. Pengine wao ndio watakueleza wewe.

Shah Rukh na swali la kipande

Kabla hatujaendelea, kuna kitu lazima msomaji wa Nairobi ajue. Wewe una DJ Afro anakutafsiria muvi za mangumi kwa lugha ya mtaa. Wasomali wana chao: Hindi Af-Soomaali. Ni muvi za India zilizowekwa sauti za Kisomali, mwanzo hadi mwisho, na zinapendwa kutoka Mogadishu hadi Eastleigh hadi Garissa. Kuna mahooyo hawajui neno la Kihindi lakini wanakuelezea maisha ya Salman Khan kama ya mtoto wa jirani. Kwa hivyo ukitaka kuongea muvi za michezo na watu wa huko, anza na India, achana na Hollywood.

Na ndani ya India, anza na Chak De! India ya 2007. Shah Rukh Khan ni Kabir Khan, nahodha wa timu ya magongo ya India, Mwislamu. Anakosa penalti kwenye fainali dhidi ya Pakistan. Picha inapigwa akimsalimia mchezaji wa Pakistan. Kesho yake yeye ni msaliti. Kuta za nyumba yao zinaandikwa, mama yake analia, wanahama. Miaka saba baadaye anarudi kama kocha wa timu ya wanawake ambayo hakuna anayeitaka. Stori ilichochewa na Mir Ranjan Negi, kipa halisi wa India aliyelaumiwa baada ya kupigwa 7-1 na Pakistan kwenye fainali ya Michezo ya Asia ya 1982. Kwenye muvi wakabadilisha dini ya mhusika, na hapo ndipo ikauma zaidi.

Kuna sehemu fupi watu husahau. Mabinti wawili kutoka kaskazini-mashariki ya India, Mizoram na Manipur, wanafika kujiandikisha kambini. Afisa anawakaribisha kama wageni. Wao wanashangaa: mgeni kivipi, kwa nchi yangu mwenyewe?

Kaskazini-mashariki. Sasa geuza ramani uweke ya Kenya. Huko kwetu kwa miaka mingi mzee akipanda basi kuja Nairobi alikuwa anasema anaenda "Kenya", kana kwamba alipotoka ni kwingine. Kijana wa kaunti za mpakani, kupata kitambulisho ilikuwa lazima apite msasa wa ziada, ahojiwe na kamati, alete wazee wathibitishe kwamba babu yake alikuwa babu yake. Utaratibu huo ulidumu miongo mpaka Februari 2025, Rais Ruto alipotia sahihi Wajir kuuondoa. Bila kipande huwezi kuvuka kizuizi cha barabarani, na bila kuvuka kizuizi huendi kwa majaribio ya timu yoyote. Talanta itabaki pale pale na mbuzi.

Na kama unafikiri michezo na hii stori ya utambulisho ni vitu viwili tofauti, kumbuka Aprili 2014. Ule msako wa Usalama Watch, maelfu ya watu walishikwa, wengi Wasomali wa Eastleigh, na wengi wao wakapelekwa kuchunguzwa kwenye uwanja wa Kasarani. Uwanja. Mahali ambapo wewe umeenda kuona Harambee Stars, kuna mtu wa rika lako anapakumbuka kama mahali aliposubiri siku kadhaa kuulizwa yeye ni nani. Kabir Khan akirudi kwenye uwanja wa magongo na kuuangalia kwa yale macho, msee kama huyo haitaji muziki wa nyuma ndio aelewe.

Chak De! ina kasoro zake. Fainali yake imetengenezwa ili ulie na utalia. Lakini kati ya muvi zote za fomula, hii ndiyo imeweka swali sahihi katikati.

Mabinti

Dangal ya 2016 iko karibu kila flashi niliyowahi kuona, kwa hivyo sitarudia stori yote. Aamir Khan ni Mahavir Singh Phogat, mieleka, kijiji cha Balali, Haryana, anawakata nywele mabinti zake na kuwafundisha kupigana na wavulana. Geeta anashinda dhahabu ya Jumuiya ya Madola, Delhi 2010. Hilo la dhahabu ni kweli. Ile ya baba kufungiwa chumbani na kocha mwenye wivu wakati wa fainali ni chumvi, na Geeta halisi alishinda fainali kwa urahisi kuliko vile muvi inavyokutetemesha. Ndivyo muvi za michezo hufanya: ushindi wa kweli ukiwa rahisi sana, wanaugeuza mgumu.

Kinachonikera na Dangal ni kwamba hakuna anayewauliza Geeta na Babita kama wanataka. Baba ameamua, basi. Lakini ukiiweka kwa boma la wafugaji, inafanya kazi moja ambayo semina kumi haziwezi: inaonyesha mzee mwenye heshima, wa kijijini, anayechekwa na majirani kwa sababu ya mabinti zake, na hatikisiki. Wazee huwa wanaangalia wazee wenzao.

Upande wa pili kuna Offside ya Jafar Panahi, 2006. Wakati huo wanawake Iran hawakuruhusiwa kuingia uwanjani kuona mechi za wanaume. Wasichana kadhaa wanavaa kama wavulana kwenda kuona Iran na Bahrain, mechi ya kufuzu Kombe la Dunia, na muvi ilipigwa siku ya mechi yenyewe, Juni 2005, uwanja wa Azadi. Wanashikwa. Wanawekwa nyuma ya vizuizi pale pale uwanjani, wanaskia kelele za mashabiki lakini hawaoni kitu. Wanamwomba askari awatangazie mechi. Askari mwenyewe ni kijana wa mashambani, anawaza ng'ombe wa mamake nyumbani. Huyo askari ndiye mtu ninayempenda zaidi kwa hiyo muvi. Amebeba sheria ambayo hakuitunga na hajui kuitetea.

Kabla mtu aseme "hiyo ni Iran, sisi si hivyo", kumbuka kwamba hata FIFA yenyewe ilimfungia nje mchezaji mwenye hijabu kuanzia 2007 mpaka ilipokubaliwa rasmi mwaka wa 2014. Kikapu walichelewa zaidi, mpaka 2017. Msichana wa Garissa alikuwa na watu wawili wa kumkataza: mmoja nyumbani akimwambia vaa, mwingine Zurich akimwambia vua.

Ile inayouma

Sasa tufike kwa Samia.

Samia Yusuf Omar alizaliwa Mogadishu mwaka wa 1991, mwaka ule ule serikali ya Siad Barre ilianguka na mwaka ule ule kambi za Dadaab, huko huko Garissa, zilianza kujaa watu wanaokimbia vita. Yeye alibaki. Alikuwa anafanya mazoezi kwenye uwanja wa Konis, wimbo wake wa mbio umechimbwa na mabomu, mama yake akiuza matunda. Mwaka wa 2008 akapelekwa Beijing kukimbia mita 200. Kwenye hiti yake alikuwepo Veronica Campbell-Brown wa Jamaika, ambaye baadaye ndiye aliyebeba dhahabu. Samia alimaliza kwa sekunde 32.16. Wengine walikuwa washafika kitambo, karibu sekunde tisa mbele. Kwa mbio za mita 200, hiyo ni kama wiki. Uwanja mzima ukasimama kumpigia makofi, na yeye baadaye akasema afadhali wangempigia makofi kwa kushinda.

Aliporudi nyumbani, mambo yakaharibika. Kwa al-Shabaab, msichana kukimbia mbele ya watu ni kosa, kwa hivyo akaanza kuficha kwamba yeye ni mwanariadha. Akaenda Addis Ababa kutafuta kocha. Halafu, akiutaka London 2012, akashika njia ambayo kila nyumba ya Kisomali inaijua kwa jina moja: tahriib. Sudan, jangwa, Libya, bahari. Aprili 2012 alizama Mediterania akijaribu kufika Italia. Alikuwa na miaka 21 hivi.

Miezi minne baadaye, Agosti 2012, Mo Farah akashinda mita 10,000 na 5,000 pale London. Msomali mwingine. Dunia nzima ikapiga ile ishara yake ya mikono kichwani. Na ni Abdi Bile, bingwa wa dunia wa mita 1,500 wa 1987, aliyewauliza Wasomali wenzake kama wanajua Samia alienda wapi.

Mwandishi Mwitaliano Giuseppe Catozzella aliandika riwaya kumhusu mwaka wa 2014, na mwaka wa 2024 ikatoka muvi, Samia, iliyoongozwa na Yasemin Şamdereli pamoja na Deka Mohamed Osman. Ina kila kiungo cha fomula niliyokueleza pale juu. Msichana asiyeaminiwa iko. Rafiki anayemsaidia na mazoezi iko. Mazoezi usiku iko. Tofauti ni kwamba wewe unajua haiishi na fainali, na hiyo inafanya kila mita anayokimbia iwe nzito. Anakimbia vichochoroni Mogadishu akiwa mtoto, anacheka, na wewe kwa sofa unataka kumwambia asiache kucheka lakini asiende.

Kwa nini nasema hii ndiyo muvi ya kupeleka Sangailu kwanza? Kwa sababu tahriib si stori ya Mogadishu pekee. Vijana wa upande huu wa mpaka pia wameenda. Wanaondoka bila kuaga, simu inazimwa, halafu wiki kadhaa baadaye hooyo anapokea simu kutoka Libya. Anayepiga anaitwa magafe, jina la Kisomali la mtu ambaye hakosi. Anataka dola maelfu ama mtoto ateswe huku mama anaskia. Ng'ombe wanauzwa, ngamia wanauzwa, ukoo mzima unachanga. Ni mambo ambayo watu hunong'onezana, hayasemwi wazi wazi, kwa sababu kuna aibu ndani yake. Muvi inaweza kusema mambo ambayo mzazi hawezi kuyaanza.

Na isionekane ni muvi ya kutisha watoto ndio wakae nyumbani. Samia hakuondoka kwa ujinga. Aliondoka kwa sababu uwanja haukuwa, kocha hakuwa, na watu wenye bunduki walimwambia asikimbie. Ukimwonyesha kijana Samia halafu umwambie tu "usiende", bila uwanja wala kazi wala kipande, amekuskia lakini hujamjibu.

Ukimaliza, weka The Swimmers ya 2022, iko Netflix. Yusra Mardini na dada yake Sara, waogeleaji wa Siria, 2015, mashua ya mpira inazimika kati ya Uturuki na Ugiriki, wanaruka majini na kuisaidia ifike Lesbos. Mwaka mmoja baadaye Yusra yuko Rio na timu ya wakimbizi, anashinda hiti yake. Bahari ni ile ile moja. Mmoja alikuwa anajua kuogelea, mwingine alikuwa anajua kukimbia. Hiyo timu ya Rio ilikuwa na watu kumi, na watano kati yao walikuwa wakimbiaji wa Sudan Kusini waliotoka kambi ya Kakuma, hapa hapa Kenya, wakafunzwa na Tegla Loroupe kule Ngong. Yusra alipata muvi. Wale watano wa kwetu nao stori yao inatosha muvi nzima.

Na kuna The Real Mo Farah, dokumentari ya BBC ya Julai 2022, ambapo bingwa mwenyewe anasema jina lake halisi ni Hussein Abdi Kahin, na kwamba aliingizwa Uingereza akiwa na miaka tisa hivi kwa jina la mtoto mwingine, akafanywa mtumishi wa nyumba. Aliyemwokoa ni mwalimu wake wa michezo. Baada ya Samia, hiyo dokumentari inakaa tofauti. Unaona kwamba kati ya dhahabu mbili na kuzama, wakati mwingine umbali ni mwalimu mmoja aliyeuliza swali.

Za kupumua

Huwezi kuwekea watu huzuni usiku mzima, kwa hivyo kuna mbili za kupoza roho.

Queen of Katwe, 2016, ya Mira Nair. Phiona Mutesi wa Kampala, sataranji, Lupita Nyong'o akiwa mama asiyebembelezwa. Watoto wanaenda kwa Robert Katende kwanza kwa sababu kuna uji. Sataranji ni mchezo ama si mchezo, pigana na mwenzako kwenye komenti, mimi sina nguvu. Ninachojua ni kwamba hauhitaji uwanja, na vifuniko vya soda vinaweza kuwa askari.

Ya pili ni Trevliga människor, dokumentari ya Uswidi ya 2015. Vijana wa Kisomali waliohamia mji mdogo wa Borlänge wanaunda timu ya taifa ya Somalia ya bandy. Bandy ni kama magongo, lakini juu ya barafu, na viatu vya vyuma. Wengi wao hawajawahi kusimama juu ya barafu maishani. Wanaenda mashindano ya ubingwa wa dunia ya bandy ya 2014 kule Irkutsk, Siberia, na wanapigwa mabao hadi unapoteza hesabu. Wanaanguka, wanacheka, wanaamka. Hakuna kitu kizuri kama kuona Msomali mrefu akijaribu kugeuka kwenye barafu akakumbuka kwamba hajui kugeuka.

Sasa suala la mwisho, la kiufundi kabisa: nani atatafsiri? Timbuktu ina Kifaransa, Kiarabu na Kitamasheki. La gran final ina lugha tatu na jangwa. The Cup ni Kitibeti. Maandishi ya chini ya skrini yanakimbia, na hooyo hana haja ya kuyasoma, kwa hivyo mtu mmoja mwenye sauti atakaa karibu na TV na kazi itakuwa yake usiku wote, na kila mtu atamlaumu akichelewa. Chak De! na Dangal tafuta zile za Af-Soomaali. Samia achana nayo kama ilivyo. Humo ndani watu wanaongea Kisomali, na mama yake akimwita kutoka mlangoni, hakuna mtu kwenye hicho chumba atakayeuliza amesema nini.